Barua ya wazi: Mwani mgeni ukionekana Dar es Salaam, nani ataitwa?

Kwa Waziri wa Mifugo na Uvuvi. Mkurugenzi Mkuu wa NEMC (Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira). Wakuu wa TASAC (Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania), Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari, TAFIRI (Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania) na Kitengo cha Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu. Na Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam.

Waheshimiwa,

Tunawasalimu. Tunaoandika ni watu wa kazi ya mwani, kuanzia Mbweni hadi Kigamboni: wa kuutambua, kuupima, kuulima na kuupigia mbizi. Ombi letu ni moja. Tunaomba iamuliwe sasa, kwa maandishi, ni ofisi gani itachukua hatua siku mwani mgeni ukionekana katika maji ya Dar es Salaam, kwa sheria ipi, kwa fedha zipi na ndani ya siku ngapi.

Kwenye jambo hili siku ndizo zinazoamua kila kitu. Mwaka 1984 kiraka cha mwani wa kijani uitwao Caulerpa taxifolia kilionekana chini ya jumba la makumbusho ya bahari la Monaco. Ulikuwa mwani wa kufugia samaki wa mapambo kwenye matangi, na kiraka chenyewe kilikuwa na mita moja ya mraba hivi. Kufika 1989 kilikuwa kimefikia hekta moja. Mwisho wa mwaka 2000 ulikuwa umetanda kwenye kilomita za mraba zipatazo 131 katika nchi sita, kutoka Hispania hadi Kroatia na Tunisia. Miaka ya mwanzo, ambayo mtu mmoja angeweza kuumaliza kwa asubuhi moja, ilipita bila yeyote kuugusa.

Juni 2000 mwani huohuo ulionekana California, katika ghuba ndogo ya Agua Hedionda kaskazini ya San Diego. Wapiga mbizi waliouona walikuwa wakikagua nyasi bahari. Siku 17 baadaye kazi ya kuuua ilikuwa imeanza: kila kiraka kilifunikwa kwa turubai jeusi, kingo zikabanwa chini, klorini ikaingizwa ndani. Mwani haujaonekana tena pale tangu 2002, lakini ukaguzi uliendelea hadi 2006 ndipo wakatangaza kwamba umekwisha. Gharama ilizidi dola milioni 7 za Marekani. Ni fedha nyingi, ila walizitoa mara moja wakamaliza. Upande wa Mediterania hakuna kiasi cha fedha kinachoweza kuurudisha nyuma.

Wakazi wa jiji hili wanajua maana ya kiumbe mgeni aliyeachwa. Kunguru hawa wenye shingo ya kijivu waliletwa Zanzibar katika miaka ya 1890, wakavuka, na leo hakuna mtaa wa Dar es Salaam wasiopora vifaranga. Kunguru walau tunamwona akiruka. Mwani unaenea chini ya maji, na anayeuona kwanza huwa ni mvuvi wa pweza au mama wa kuokota chaza, ambaye hana namba ya kupiga.

Kabla hatujaendelea, tuondoe vitu viwili ambavyo watu huvichanganya na hili. Mwani wa kijani, mwembamba na wenye kuteleza, unaofunika mawe ya Coco Beach na kuoza ufukweni, mara nyingi ni jamii ya Ulva. Ni wa hapahapa, na unachochewa na maji taka na uchafu wa Mto Msimbazi. Dawa yake ni mifereji na mabwawa ya kusafishia maji taka; kupeleka wapiga mbizi kuung'oa ni kupoteza hela. Cha pili ni zile picha za fukwe za Karibi na Afrika Magharibi zilizojaa mwani wa kahawia, ambazo zimekuwa zikizunguka kwenye simu. Ule ni mwani unaoelea wa Bahari ya Atlantiki, ambao tangu 2011 umekuwa ukifumuka kwa wingi mno. Jamii zake zilizopo kwetu huota zimeshika mwamba, na zikikatika wakati wa kusi hutupwa ufukweni kama zilivyotupwa siku zote.

Orodha za kuigwa kutoka ng'ambo zitatupotosha zaidi. Hiyo Caulerpa taxifolia iliyoharibu Mediterania ni mwani wa asili katika bahari za joto, ikiwemo yetu. Iliyoleta maafa kule ni aina iliyozoea maisha ya matangi na kustahimili baridi. Gracilaria salicornia na Acanthophora spicifera, ambazo Hawaii wanahangaika nazo kama magugu, kwetu ni wenyeji. Ofisa akichukua jedwali la Hawaii au la Ulaya na kulifanya kanuni ya Tanzania, atakuwa anaagiza kung'olewa kwa mwani wetu wenyewe. Ndiyo maana hatua ya kwanza ni kuwa na orodha yetu: nini kinaota leo Bongoyo, Mbudya, Fungu Yasini, Sinda, Mjimwema, Kunduchi na kwenye nguzo za magati, pamoja na vielelezo vilivyokaushwa na kuhifadhiwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na sampuli za vinasaba. Bila orodha hiyo hakuna atakayeweza kusema kitu fulani ni kigeni. Tutabaki kubishana kama walivyobishana wenzetu wa Mediterania.

Sasa tuseme ni mwani gani tunaouogopa, na utapita mlango gani.

Mlango wa kwanza ni mbegu. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989 kwa mbegu zilizotoka Ufilipino: ule ambao wakulima huuita mwembamba, Eucheuma denticulatum, na mnene, Kappaphycus alvarezii. Umewapa kinamama wengi wa pwani kipato chao wenyewe, na hatuombi kilimo hiki kipigwe marufuku. Lakini vipimo vya vinasaba vilivyofanywa Zanzibar vimeonyesha mwani wa asili ya Asia ukiishi wenyewe nje ya mashamba, katika nchi ambayo ina Eucheuma yake ya asili. Kwa macho huwezi kuutenganisha na wa kwetu. Kinachotokea ni rahisi: kipande cha gramu 100 hufungwa kwa taitai (kijikamba chembamba) kwenye kamba, kamba hukazwa kati ya vigingi viwili, na baada ya siku 45 hivi kinavunwa kikiwa kimeongezeka mara kadhaa. Upepo wa kusi ukikaza, vipande hukatika. Mkondo wa pwani yetu huelekea kaskazini mwaka mzima, na kila kipande kilichokatika ni mche kamili. Hakihitaji mbegu wala mizizi.

Tishio linaongezeka pale mwani mnene unapokufa. Maji yakipata joto kupita kiasi, matawi yanakuwa meupe, yanalainika na kukatika. Wenyewe wa mwani wanaujua ugonjwa huu. Shamba likishateketea, wakulima na wanunuzi hutafuta mbegu mpya, na mbegu mpya maana yake ni mbegu ya mbali. Kwa hiyo kila msimu mbaya unafungua mlango. Pamoja na mbegu huja mwani mwingine mdogo, mwekundu au mweusi, mwembamba mithili ya nywele, unaoota juu ya mwani wa shamba na kuunyonga. Asia ya Kusini-Mashariki mashamba mengi yameharibiwa nao. Mkulima anayebeba gunia la mbegu bila kukaguliwa anaweza kubeba vyote viwili, aina ngeni na mdudu wake, na wa kwanza kuumia ni yeye mwenyewe.

India waliupanda Kappaphycus kwenye eneo la Ghuba ya Mannar, na mwaka 2008 wanasayansi waliripoti kwamba umetoka mashambani na kutanda juu ya matumbawe ya kisiwa cha Kurusadai. Hawaii uliingizwa miaka ya 1970 katika ghuba ya Kaneohe kwa ajili ya utafiti wa kilimo. Baadaye walilazimika kununua vifaa vya kuunyonya kutoka kwenye matumbawe.

Tueleze unavyoua tumbawe, kwa sababu hapa ndipo watu wengi hudhani mwani ni majani tu na majani hayadhuru. Mwani huu hujishikiza kwa vishikizo vidogo katikati ya matawi ya tumbawe, kisha hukua kwenda juu na pembeni mpaka unakuwa tandiko nene. Chini ya tandiko jua halifiki. Ndani ya nyama ya tumbawe kuna vijimea vidogo mno vinavyolilisha kwa nguvu ya jua. Vikikosa mwanga, tumbawe linakosa chakula. Mchana mwani unatoa oksijeni, lakini usiku unaitumia, na maji yaliyonaswa katikati ya matawi hayabadilishwi upesi. Mchanga na tope navyo vinanasa humo. Ukiinua tandiko baada ya miezi michache unakuta ncha za matawi bado zina rangi, katikati ni nyeupe, na shina limeshaota utelezi wa kijani: maana yake limekufa kuanzia chini, wakati aliyekuwa akipita juu kwa boti aliona ncha nzima akaridhika. Matumbawe ya visiwa vya Dar es Salaam yalishapigwa baruti kwa miaka, yakapauka kwa joto 1998 na tena 2016. Hayana akiba ya kuhimili pigo jingine.

Kwenye nyasi bahari hali ni tofauti kidogo. Utafiti wa Ghuba ya Chwaka, Zanzibar, ulionyesha kwamba chini ya mashamba ya mwani nyasi hupungua, na wanyama wadogo wa mchangani hupungua nao. Shamba likihamishwa nyasi zina nafasi ya kurudi. Mwani ulioota wenyewe hauhamishwi. Nyasi hizo ndimo kamba na samaki wachanga wanapokulia, na ndizo chakula cha kasa.

Mlango wa pili ni meli. Watu wakisikia viumbe wageni hufikiria maji ya balasti, yaani maji ambayo meli nyepesi huvuta ili isiyumbe na kuyamwaga inapopakia, na ni kweli yana hatari yake. Mkataba wa kimataifa wa maji ya balasti ulianza kutumika 8 Septemba 2017, na tangu Septemba 2024 meli zinazohusika zinatakiwa kuwa na mtambo wa kusafisha: katika kila mita moja ya ujazo ya maji yanayomwagwa, viumbe hai vya ukubwa wa maikromita 50 na zaidi wasifike 10. Lakini tazameni biashara ya bandari yetu. Meli nyingi huja zimejaa na kuondoka nyepesi, kwa hiyo hapa zinavuta maji zaidi ya zinavyomwaga. Kwa maoni yetu, hatari kubwa zaidi Dar es Salaam imeganda chini ya meli zenyewe: kwenye masanduku ya kuvutia maji ya bahari, kwenye mapango ya usukani na propela, mahali ambapo rangi ya kuzuia viumbe imechubuka. Meli inayosubiri zamu nangani siku nyingi bila kusogea ndiyo inayoota zaidi, na nanga za kusubiria ziko mkabala na visiwa vyetu. Boti za starehe zinazotoka nchi nyingine na kuegesha Msasani zina tatizo hilohilo. Kinachotuumiza zaidi ni kusuguliwa kwa meli zikiwa majini bila kukusanya takataka zake: kila brashi inapopita, vipande vinadondoka hai.

Tunapendekeza kusugua chini ya meli ndani ya maji ya bandari kuruhusiwe tu kwa vifaa vinavyonyonya na kuchuja, na nakala ya kitabu cha kumbukumbu za usafi wa chini ya meli idaiwe pamoja na nyaraka nyingine kwa meli itokayo maji ya joto ya Asia. Shirika la Kimataifa la Bahari lilitoa mwongozo wake mwaka 2011 na kuupitia upya 2023. Haulazimishi. Nchi ndiyo inayoweza kuulazimisha kwenye bandari yake.

Mlango wa tatu, maduka ya samaki wa mapambo, ni mdogo, ila ndio uliozaa balaa la Monaco. Agizo moja linatosha: hakuna Caulerpa hai kuuzwa, na maji ya matangi yasimwagwe kwenye mfereji unaokwenda baharini.

Tukirudi kwenye mbegu, utaratibu wa karantini unajulikana na si wa gharama kubwa. Mbegu yoyote inayotoka nje ya nchi, na hata inayovuka kutoka Zanzibar kuja bara, ikae kwenye matangi ya nchi kavu. Maji yanayotoka yapite kwenye mchujo wa mchanga na kutiwa klorini kabla ya kumwagwa. Ikaguliwe kwa lenzi ya mkononi kila wiki, tawi kwa tawi, kutafuta vinyweleo, madoa meupe, konokono na mayai. Kisha, na hapa ndipo watu huruka hatua, mbegu iliyoletwa isiende baharini kabisa. Vinavyokwenda shambani ni vipande vipya vilivyoota ndani ya matangi. Ile ya mwanzo inakaushwa na kuharibiwa. Muda tunaopendekeza ni wiki sita, na kwa kiasi kidogo, kwa sababu kilo 20 zilizokaguliwa vizuri hugeuka shamba ndani ya misimu michache.

Sasa siku yenyewe ya tukio. Mvuvi amekuta mwani asioujua karibu na Mbudya wakati wa kupwa. Kosa la kwanza linalofanyika kila mahali duniani ni kuung'oa. Kipande cha Caulerpa cha sentimita moja kinaweza kuota upya, na kikiwa mahali penye unyevu na kiza, mfano kwenye rundo la kamba za nanga, kinaweza kuishi nje ya maji hadi siku 10. Anayeung'oa kwa mikono na kuutupa pembeni amepanda mashamba mengine. Kwa hiyo: apige picha yenye rula au sarafu pembeni, achukue alama ya mahali kwa simu, achukue mche mmoja mzima pamoja na kishikizo chake kwenye mfuko uliofungwa wenye maji ya bahari, auweke kivulini, na apige simu. Mtaalamu akifika, nusu ya mche inabanwa kwenye karatasi kwa ajili ya kumbukumbu, nusu inawekwa kwenye chembe za silika za kukaushia kwa ajili ya vinasaba. Wasitumie fomalini kwa nusu hii. Huharibu vinasaba na vipimo havitasoma.

Eneo lifungwe siku hiyohiyo. Hapa ndipo sheria inapohitajika, kwa kuwa nanga, madema na nyavu za kuburuta ndivyo vinavyokata na kusambaza. Ndani ya maeneo tengefu kuna mwenye mamlaka. Mita chache nje ya mpaka mamlaka ni ya mwingine, na ndani ya maji ya bandari ni ya mwingine tena. Tunaomba amri moja iliyotiwa saini mapema, inayomruhusu ofisa mmoja aliyetajwa kwa cheo kufunga eneo kwa siku 30 bila kusubiri kikao.

Kisha wapiga mbizi wapime mpaka wa kiraka na kutafuta kingine mita 100 kila upande, hasa upande wa kaskazini kunakoelekea mkondo. Njia ya kuua inategemea aina. Unaotambaa kwa shina kwenye mchanga, kama Caulerpa, hufunikwa kwa plastiki nyeusi nzito inayozidi kingo za kiraka kwa mita moja, ikabanwa kwa mifuko ya mchanga, ikaachwa wiki kadhaa. Australia wametumia pia chumvi ya mawe kwenye viraka vidogo. Klorini tusiiweke karibu na matumbawe. Ulionasa kwenye matumbawe, kama Kappaphycus, hauwezi kufunikwa bila kuua tumbawe lenyewe. Huo hutolewa kwa vidole, taratibu, ukiingizwa moja kwa moja kwenye mfuko wa wavu wenye matundu madogo ambao mwenzako ameushikilia karibu kabisa na tawi. Hata hivyo vishikizo vitabaki ndani ya nyufa na vitaota tena. Hawaii walijifunza hilo, ndipo wakaongeza hatua ya pili: baada ya kunyonya mwani, wanaachia nungu wa baharini wa kufugwa, Tripneustes gratilla, wanaokula machipukizi. Nungu huyo ni mwenyeji wa bahari yetu. Tasi nao wanapenda mwani huu, na wakulima wanalijua hilo kwa uchungu. Kwa maana hiyo kulinda tasi, pono na nungu kwenye visiwa vya Dar es Salaam ni sehemu ya ulinzi dhidi ya mwani mgeni, hata kabla haujafika.

Uliotolewa upelekwe juu ya alama ya maji makuu ya bamvua, uanikwe mpaka ukauke kabisa, kisha uzikwe. Mifuko, glavu na suti zioshwe kwa maji yasiyo na chumvi na kukaushwa juani kabla ya kuingia sehemu nyingine. Baada ya hapo ukaguzi kila bamvua, ambapo maji ya Dar es Salaam hupanda na kushuka zaidi ya mita 3 na miamba mingi huwa wazi, kwa muda usiopungua miaka miwili. Wengi hukatia hapa. Mwani ukishatoweka machoni bajeti nayo hutoweka, na ndipo unaporudi.

Kuna wazo litakaloletwa mezani kwenu, nasi tunalipinga mapema: kwamba mwani mgeni ukienea tuuvune na kuuza. Kusini mwa Hispania na Ceuta, mji wa Hispania ulioko pwani ya Afrika Kaskazini, mwani wa Rugulopteryx okamurae kutoka Asia ya Mashariki ulianza kuwaelemea 2015, ukajaza nyavu za wavuvi, na mwaka huo Ceuta pekee waliondoa maelfu ya tani ufukweni. Mawazo ya kuugeuza mbolea na nishati yapo mengi, na mwani bado upo. Zaidi ya hapo, kitu kikishakuwa na bei kitapata wa kukipanda.

Fedha tunazoziomba zinatosha kuwa na stoo moja Kunduchi au Kigamboni: plastiki nyeusi, mifuko ya mchanga, mifuko ya wavu, mitungi ya hewa, maboya ya kufungia eneo, boti na mafuta, pamoja na wapiga mbizi wanane waliofundishwa ambao wana kazi nyingine lakini wanaitika wakiitwa. Zikae kwenye fungu la dharura lisilohitaji kuombewa idhini upya kila mwaka wa fedha.

Tunaomba jibu la maandishi ndani ya siku 60, likitaja cheo cha ofisa mhusika, amri ya kufunga eneo, na utaratibu wa karantini ya mbegu. Na tunaomba namba moja ya simu, ya bure, ibandikwe Soko la Samaki la Feri, Msasani, Kunduchi, Mbweni, Mjimwema na kwenye ofisi za BMU (vikundi vya wavuvi vya kusimamia rasilimali za pwani) zote za mkoa, pamoja na maelekezo haya: usiung'oe, piga picha, chukua mche mmoja, tupigie.

Wenu,
Watafiti, wapiga mbizi na wakulima wa mwani
Dar es Salaam